Kwa nini chama cha tatu hakioti mizizi Eldoret

ELDORET

MPIGA kura wa Eldoret hupewa karatasi sita siku ya uchaguzi mkuu: ya rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na diwani. Kwa nadharia, anaweza kuchagua vyama sita tofauti. Agosti 9, 2022, matokeo yalikuwa ya rangi moja. Ugavana, useneta, uwakilishi wa wanawake na viti vyote sita vya ubunge katika Kaunti ya Uasin Gishu vilitwaliwa na chama cha UDA.

Kitaifa, hali ilikuwa ya mirengo miwili. William Ruto wa Kenya Kwanza alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 ya kura, huku Raila Odinga wa Azimio akipata asilimia 48.85. Wawaniaji wengine wawili, George Wajackoyah na David Waihiga Mwaure, hawakufikisha hata asilimia moja kwa pamoja.

Sheria ya Kenya haikuweka mfumo wa vyama viwili. Makumi ya vyama yamesajiliwa, na kila raia ana uhuru wa kujiunga na chama akitakacho. Hata hivyo, kila uchaguzi unapokaribia, vyama hivyo hujikuta vimegawanyika katika kambi mbili. Kisichoingia kambini huachwa njiani.

Hesabu ya kura

Sababu ya kwanza ni namna washindi wanavyopatikana. Mbunge, seneta au gavana hushinda kwa kupata kura nyingi kuliko wenzake, hata kama hazifiki nusu. Chama kinachopata asilimia 20 katika kila eneobunge kinaweza kurudi nyumbani mikono mitupu.

Mtaalamu wa siasa wa Ufaransa, Maurice Duverger, alieleza mwaka 1951 jinsi utaratibu wa aina hii unavyosukuma nchi kuelekea vyama viwili. Uingereza ni mfano ulio wazi. Mwaka 1983, muungano wa vyama vya Liberal na SDP ulipata takriban asilimia 25 ya kura lakini viti 23 tu kati ya 650. Labour, iliyowazidi kwa chini ya asilimia tatu, ilipata viti 209.

Katiba ya Kenya ya 2010 inamtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Duru ya pili ingeweza kumpa mwaniaji wa tatu nafasi ya kujadiliana. Lakini kwa kuwa kila upande hutaka kumaliza kazi katika duru ya kwanza, miungano huundwa kabla ya kura, na duru hiyo ya pili haijawahi kufanyika.

Hofu ya kupoteza kura

Sababu ya pili imo moyoni mwa mpiga kura. Huenda akampenda mwaniaji wa chama kidogo, lakini akahofia kwamba kumchagua ni kumfungulia mlango mpinzani asiyemtaka. Mwaka 2007, Kalonzo Musyoka alipata takriban asilimia tisa ya kura za urais. Mwaka 2013, Musalia Mudavadi aliambulia asilimia nne hivi.

Eldoret inajua pia kwamba siasa za kambi mbili zina gharama nzito zaidi. Baada ya uchaguzi wa 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini, wakiwemo waliochomwa ndani ya kanisa la Kiambaa, karibu na mji huo, Januari 1, 2008. Pale kila jirani anapohesabiwa kuwa wa upande huu au ule, mwenye msimamo wa tatu huonekana msaliti.

Fedha na tiketi

Chama hakisajiliwi kikamilifu hadi kiwe na wanachama 1,000 waliosajiliwa kama wapiga kura katika kila mojawapo ya zaidi ya nusu ya kaunti. Hazina ya Vyama vya Kisiasa nayo huwapa zaidi walio na kingi. Baada ya uchaguzi wa 2017, ni Jubilee na ODM pekee zilizonufaika. Marekebisho ya sheria ya 2022 yalilegeza masharti, lakini asilimia 70 ya fedha bado hugawanywa kwa kufuata wingi wa kura.

Uasin Gishu, thamani ya tiketi inaonekana waziwazi. Margaret Kamar aliwania ugavana mwaka 2013 kwa ODM, akashindwa na Jackson Mandago wa URP. Mwaka 2017 alichaguliwa seneta kwa tiketi ya Jubilee. Naye Zedekiah Bundotich, maarufu Buzeki, aliwania ugavana kama mgombea huru mwaka 2017 na 2022, akashindwa mara zote mbili na wawaniaji wa chama kilichotamba.

Jina la chama hicho hubadilika: ODM mwaka 2007, URP 2013, Jubilee 2017, UDA 2022. Kisichobadilika ni kwamba ushindani wa kitaifa wa mirengo miwili huzaa chama kimoja mashinani. Uamuzi halisi huhamia kwenye kura ya mchujo, na wasiokuwa wafuasi wa chama hicho hubaki watazamaji.

Anayeumia ni mwananchi. Gavana na madiwani wengi wanapotoka chama kimoja, ni nani atakayeuliza kwa ukali kuhusu barabara, dawa hospitalini na fedha za basari?

Viongozi wa vyama vidogo mara nyingi huishia kujiunga na wakubwa. Kalonzo aliteuliwa makamu wa rais Januari 2008, na chama cha ANC cha Mudavadi kilikubali kumezwa na UDA mwaka 2025.

Mlango uliobaki wazi kidogo ni wa wadi, ambako kura mia chache zinaweza kuamua mshindi. Chama kinachotaka kuota mizizi Eldoret hakina budi kuanzia Langas, Huruma na Kapsoya, miaka mingi kabla ya kuota kuhusu Ikulu.