Maradhi ya Akina Mama na Vijidudu vya Tumboni

Mpakani Petite Barrière, kati ya Gisenyi na Goma, akina mama wachuuzi huvuka kila siku mbele ya macho ya askari. Mwanamke anayeshinda safarini au kwenye lindo hujinyima maji kwa kukosa mahali pa kujisitiri. Siku chache baadaye haja ndogo humchoma, na nyumbani swali huulizwa: ugonjwa huo ameupata wapi? Swali hilo huvunja nyumba, kambini na uraiani, na mara nyingi halina msingi.

Utumbo wa kila binadamu, awe jenerali au kuruta, umejaa bakteria. Mmoja wao, Escherichia coli, kwa kawaida hana madhara akiwa utumboni. Akipenya katika njia ya mkojo huleta ugonjwa, naye ndiye chanzo kikubwa cha maambukizo hayo. Mwanamke huathirika zaidi kwa kuwa njia yake ya mkojo ni fupi, yapata sentimita 4, tena iko karibu na tundu la haja kubwa. Adui, basi, ametoka ndani ya boma lenyewe.

Uke nao una walinzi wake, bakteria waitwao laktobasili, ambao hutengeneza asidi ya kuwazuia wavamizi. Utumbo ni mojawapo ya ghala zao. Walinzi hao wakipungua, ute hubadilika na kutoa harufu, na hatari ya kuambukizwa virusi vya Ukimwi au kuzaa kabla ya wakati huongezeka. Dawa za kuua bakteria zinazonunuliwa bila kipimo huweza kuwaangamiza walinzi pamoja na wavamizi.

Ikivuguto, maziwa ya mgando yapendwayo Rubavu, ni lishe bora, lakini si tiba. Huko Mwanza, Tanzania, wanawake wenye virusi vya Ukimwi walipewa vidonge vya laktobasili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba havikuongeza uponaji wa hali hiyo ya uke.

Wala mume asijitoe. Utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 2025 ulionyesha kwamba mke alipotibiwa peke yake, hali hiyo ilirudi kwa wanawake 63 katika kila 100 ndani ya majuma 12. Mume alipotibiwa pamoja naye, ilirudi kwa 35. Bakteria hao hukaa kwa mwanamume asijue.

Yafaa wote wawili waende kituo cha afya, vipimo vifanywe. Mwenye homa na maumivu ya mgongo, au mjamzito mwenye dalili hizo za mkojo, aende siku hiyo hiyo, kwa maana ugonjwa huweza kupanda hadi kwenye figo.