Chagua uzi kwa busara kabla ya baridi kubisha hodi

MIEZI ya Juni hadi Agosti, baridi huuma zaidi katika maeneo ya Limuru, Kinangop na Molo. Mzazi anayenuia kumfumia mwanawe sweta hana budi kuchagua uzi kwanza, kisha rangi.

Uzi wa akriliki ni wa bei nafuu na hufulika kwa urahisi. Hata hivyo, ukishika moto huyeyuka na kugandamana na ngozi, hivyo haumfai mtoto aotaye moto kando ya jiko. Sufu ya kondoo haishiki moto upesi, na huhifadhi joto hata ikipata unyevu. Kasoro yake ni bei, na hunywea ikifuliwa kwa maji moto. Pamba nayo hunyonya maji na kukawia kukauka.

Asiye na uzoefu aanze na kofia au skafu. Anunue uzi wote kwa pamoja, wenye nambari moja ya rangi, kwani mafungu tofauti huweza kuhitilafiana. Penye uhaba wa fedha, sufu itengewe sweta ya mtoto, akriliki itumiwe kwa kofia ya mtu mzima.