Macho Hupokea, Akili Huhukumu

Siku moja, katika sakristi ya misioni fulani, tulimwona mtoto wa altare akigombezwa sana. Aliagizwa kuleta kasula ya kijani, naye akaleta nyekundu. Juma lililotangulia alikosa vilevile. Mkubwa wake akasema: «Huyu ni mvivu, hasikii.» Mtoto akanyamaza, machozi yakamtoka. Kumbe alikuwa mtii. Macho yake tu yalikuwa ya namna nyingine. Juu ya hiyo twataka kueleza hapa jinsi mtu anavyoona rangi na mwendo.

Wengi hudhani kwamba jicho ni kama dirisha: vitu viko nje, nasi twavitazama tu. Sivyo. Nuru huingia kwa mboni na kuangukia utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, unaoitwa retina. Humo mna chembe za namna mbili. Za kwanza, yapata milioni 120, hufanya kazi katika giza-giza, lakini hazitambui rangi. Ndiyo sababu usiku, kwa nuru ndogo ya nyota, nguo zote huonekana za kijivu ao nyeusi. Za pili, yapata milioni 6, hufanya kazi mchana, nazo ni za aina tatu: moja hupokea zaidi mawimbi marefu ya nuru, moja ya kati, moja mafupi.

Sasa tuangalie vizuri. Hakuna chembe hata moja inayojua rangi peke yake. Kila moja husema tu: «nyingi» ao «kidogo». Ni kama baraza la wazee: ushahidi wa mmoja hautoshi, lazima kulinganisha maneno ya wote, ndipo hukumu itoke. Basi rangi hutokea kwa kulinganisha. Jaribuni wenyewe: kazeni macho juu ya kitambaa chekundu muda wa nusu dakika, kiisha tazameni ukuta mweupe. Mtaona alama ya rangi iliyo karibu na kijani. Shahidi mmoja amechoka, wengine wanamshinda.

Na ikiwa shahidi mmoja hayupo tangu kuzaliwa? Hivyo ndivyo alivyokuwa John Dalton, mtaalamu Mwingereza. Mwaka 1792 alishangaa kuona ua moja lina rangi ya mbingu mchana, lakini jekundu kwa nuru ya mshumaa. Watu wengine hawakuona badiliko kama hilo. Mwaka 1794 aliwaeleza wenzake wa Manchester hali yake. Alidhani ndani ya jicho lake mna maji ya buluu. Alipokufa mwaka 1844, jicho lake lilipasuliwa kama alivyotaka, na maji yakaonekana safi. Mabaki yake yalihifadhiwa, na mwaka 1995 wataalamu walipochunguza urithi uliomo walitambua kwamba alikosa aina ile ya chembe za mawimbi ya kati. Wafaransa wameipa hali hiyo jina lake. Katika wanaume wa asili ya Ulaya hupata karibu 8 kwa 100. Katika Waafrika ni wachache zaidi, lakini wako. Mara nyingi urithi huo hupitia kwa mama: yeye mwenyewe aona vema, mwana wake hukosa.

Na mwendo je? Katika sinema hakuna picha inayotembea: picha 24 zisizosogea hufuatana katika sekunde moja, na akili huziunga. Tena, tazameni maporomoko ya maji kwa dakika moja, kiisha geuzeni macho kwa mawe ya kando: yataonekana kama yanapanda juu. Robert Addams aliandika juu ya jambo hilo huko Scotland mwaka 1834. Hapa pia ni ushahidi unaolinganishwa: walinzi wa mwendo wa kushuka wamechoka, walinzi wa mwendo wa kupanda wanasikika peke yao.

Lakini mwendo na rangi vina njia zao mbalimbali katika ubongo. Mwaka 1983 wataalamu wa Ujerumani waliandika habari za mwanamke aliyeumia ubongo. Rangi aliziona vizuri, mwendo hakuuona. Alipomimina chai, aliona kama imeganda. Hakujua kikombe kimejaa lini. Gari lilikuwa mbali, mara liko karibu naye. Wengine, kinyume, wameumia mahali pengine pa ubongo: dunia yote huwa kama majivu, lakini huona mwendo.

Basi sisi tulio walimu tujifunze nini? Mwanafunzi akikosea rangi mara kwa mara, tusiseme upesi kwamba ni mjinga ao mkaidi. Tumpe nyuzi za rangi mbalimbali azipange, tutaona. Hali hiyo ya kuzaliwa nayo haiponi kwa dawa za macho, wala kwa fimbo. Katika ramani na picha za mafundisho, tusitegemee nyekundu na kijani peke yake. Tuongeze herufi ao alama.

Yule mtoto wa sakristi tulimshonea herufi ndogo ndani ya kila kasula. Tangu siku ile hakukosa tena.