Simu ya Mkononi na Matumizi ya Lugha Bungoma: Kupima Faida na Hasara

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kupima faida na hasara za simu ya mkononi, si kwa mizani ya biashara wala ya ufundi wa mitambo, bali kwa mizani ya lugha. Eneo linaloshughulikiwa ni Bungoma, magharibi mwa Kenya, pamoja na mji jirani wa Kitale. Eneo hili lafaa kwa uchunguzi wa namna hiyo kwa sababu lugha kadha huishi humo bega kwa bega. Lubukusu ndiyo lugha ya wengi. Lutachoni husemwa pande za Webuye, na Kisabaoti katika miteremko ya Mlima Elgon. Kiswahili hutawala sokoni, katika vituo vya magari na katika mitaa ya Kitale, mji uliokusanya watu wa makabila mengi. Kiingereza nacho ni cha shule na ofisi. Chombo kimoja kinapoingia katika mfuko wa karibu kila mtu, hakiwezi kukosa kuugusa mgawanyo huo wa kazi.

Simu hizi zilianza kuenea nchini Kenya katika miaka ya mwisho ya karne ya 20. Kabla ya hapo, aliyetaka kumpasha habari jamaa yake aliyekuwa Nairobi alikuwa na njia chache: kuandika barua, kumtuma msafiri, au kupanga foleni penye kibanda cha simu mbele ya posta. Mwezi wa Machi 2007 ulianzishwa utaratibu wa kutumiana fedha kwa simu, yaani M-Pesa, na tangu hapo hata yule asiyependa mazungumzo ya mbali akawa na haja ya kuwa na simu.

2. Jina la chombo

Yafaa kuanza na jina lenyewe. Neno simu lina asili ya Kiajemi, na maana yake ya awali ni fedha ya madini, kisha waya. Kwa hiyo Waswahili wanakiita kwa jina la waya chombo ambacho sifa yake kubwa ni kutokuwa na waya. Hilo si kosa; ni ushahidi kwamba neno likishazoeleka hufuata kazi ya kitu, si umbo lake.

Wataalamu wamependekeza majina mengine, kama vile rununu na simutamba, na kwa ujumbe mfupi wakapendekeza arafa. Maneno haya hukutwa zaidi vitabuni na darasani kuliko sokoni. Bungoma mchuuzi husema simu tu, na anaposema Lubukusu hulitia neno hilo kiambishi cha ngeli akasema esimu. Neno lililokwisha kuingia katika ngeli za lugha ya pili si rahisi kuling'oa kwa pendekezo la kamati.

3. Faida

Faida ya kwanza ni ya mazungumzo. Kijana aliyehamia mjini kutafuta kazi zamani alikuwa akikaa miezi bila kusema lugha ya mama yake, isipokuwa amekutana na mtu wa kwao. Leo humpigia mama yake jioni, na mazungumzo hayo, ambayo kwa kawaida huanza kwa mulembe, huifanya lugha ya nyumbani iwe lugha ya kila siku hata ugenini. Vilevile wasikilizaji hupiga simu redioni wakasema Lubukusu mbele ya hadhira kubwa, jambo ambalo zamani lilikuwa haki ya watangazaji peke yao.

Faida ya pili ni ya maandishi. Mwanafunzi wa Bungoma, akishapita madarasa ya chini, huandika Kiingereza na Kiswahili. Lubukusu huachiwa mdomo. Ujumbe mfupi umelibadili jambo hilo. Watu wasiowahi kuandikiana hata barua moja kwa Lubukusu sasa huiandika mara nyingi kwa siku bila kusukumwa na mwalimu. Hapa tahajia nayo imesaidia. Ujumbe mmoja wa kawaida huchukua herufi 160. Lakini mwandishi akitumia herufi isiyomo katika orodha ya msingi ya mtambo, kama ĩ na ũ za Kikuyu, nafasi hupungua hadi herufi 70. Kiswahili na Lubukusu huandikwa kwa herufi za kawaida tu, na hata ng' haina gharama ya ziada. Kwa hiyo lugha hizi ziliingia katika chombo kipya bila kuvuliwa chochote mlangoni.

Faida ya tatu ni ya msamiati wa Kiswahili. Huduma nyingi za simu nchini Kenya zilipewa majina ya Kiswahili, na majina hayo yamepanua maana za maneno. Kusambaza sasa ni pia kumgawia mwenzako muda wa maongezi. Okoa Jahazi ni mkopo mdogo wa muda huo, na kwa njia hiyo chombo cha pwani kimetia nanga kwa watu wengi wasiowahi kuiona bahari. Kufuliza, neno la zamani lenye maana ya kutenda mfululizo bila kukoma, tangu 2019 limekuwa na maana ya kutumia fedha zaidi ya salio kwa kukopeshwa upungufu. Mkulima asemapo “nimefuliza” haeleweki kuwa ametenda jambo mfululizo. Aeleweka kuwa anadaiwa. Aidha, maneno kama salio, wakala, na namba ya siri yamezoeleka vijijini bila semina wala kitabu. Ni vigumu kutaja chombo kingine kilichoyafikisha maneno ya Kiswahili ya mambo ya fedha kwa watu wengi hivyo kwa muda mfupi.

4. Hasara

Hasara inayotajwa sana na walimu ni tahajia. Vijana huandika cjui kwa sijui, wa2 kwa watu, na 2taonana kwa tutaonana. Ieleweke kwamba hawaandiki ovyo. Herufi c husomwa kwa jina lake la Kiingereza ili itoe silabi si, na tarakimu 2 husomwa kwa Kiingereza ili itoe silabi tu; mwandishi na msomaji lazima wawe wanajua lugha zote mbili. Husemwa kwamba sababu ni kubana nafasi. Sababu hiyo yatosha kwa wa2, lakini haitoshi kwa xaxa, linaloandikwa badala ya sasa, kwa kuwa maneno yote mawili yana herufi nne. Hapo kijana habani nafasi. Anajitambulisha kuwa ni kijana. Basi hatari si kwamba kanuni hazijulikani, bali ni kwamba mtindo wa rika unaweza kuhamia katika insha, ambako hauna kazi.

Hasara ya pili haionekani kwa urahisi. Simu nyingi hujitia kumsaidia mwandishi kwa kumkisia neno, na aghalabu msaada huo huwa umeelekezwa kwa Kiingereza. Neno sahihi la Kiswahili au la Lubukusu hupigiwa mstari kama kosa, au hubadilishwa kabla mwandishi hajatanabahi. Mtu anayesahihishwa kila siku katika lugha yake mwenyewe huishia kuandika ile isiyosahihishwa. Tena Lubukusu hutofautisha irabu fupi na ndefu, na pia hutumia toni. Katika haraka ya kidole irabu ya pili huachwa, na toni haiandikwi kabisa.

Hasara ya tatu ni ya kijamii. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ujumbe wa chuki ulisambazwa kwa simu nchini, na Trans Nzoia, ambayo makao yake ni Kitale, ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathiriwa na ghasia. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 ilipiga marufuku matamshi ya chuki. Mwanaisimu hana budi kutambua kwamba lugha ya nyumbani, ambayo katika simu huunganisha jamaa, ndiyo hiyo hiyo inayoweza kumficha mchochezi, kwa sababu jirani wa kabila jingine haifahamu.

Hasara ya nne ndiyo kubwa, nayo yahusu hifadhi. Miongoni mwa Wabukusu kuna sanaa ya mazungumzo iitwayo khuswala kumuse. Hutolewa baada ya maziko ya mzee mwenye heshima na mtaalamu aliyeipata kwa urithi wa ukoo. Mtaalamu huyo husimulia asili na safari za jamii, hutaja koo, huonya na kufariji. Si kila mtu aruhusiwaye kuitoa, wala haitolewi popote. Siku hizi simu huinuliwa katika hadhira ili kuinasa. Jambo hili lina sura ya faida: maneno yaliyokuwa yakipeperuka na upepo sasa yamenaswa, sauti na mwendo pamoja. Lakini simu huibiwa, huanguka majini, hujaa na kufutwa ili kupata nafasi. Kinachobaki mara nyingi ni vipande vifupi vinavyozungushwa bila jina la mtaalamu, bila mahali, bila tarehe, na pengine bila idhini ya wafiwa. Mbaya zaidi, kijana mwenye kipande hicho mfukoni hudhani kwamba tayari anacho, asijishughulishe kukisikiliza wala kujifunza. Barua ya zamani ilichelewa njiani, lakini ilitunzwa sandukuni, na leo msomi aweza kuifungua. Ujumbe wa simu huwahi, kisha hupotea.

5. Hitimisho

Kutokana na maelezo haya, ni dhahiri kwamba simu ya mkononi imeongeza kusema na kuandika kwa Kiswahili na Lubukusu, na madai kwamba inaziua lugha hizi hayana msingi wa kutosha. Ila imeongeza matumizi bila kuongeza akiba. Tahajia ya vijana yaweza kurekebishwa na mwalimu aliye makini. Lakini hotuba ya mzee aliyefariki, ikishafutwa katika simu ya mjukuu, hairekebishiki.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka dola ikuze na kulinda lugha za watu wa Kenya. Idara za lugha zaweza kuanza na kazi isiyohitaji fedha nyingi: kila mwanafunzi atokaye Bungoma, Kitale au kwingineko anaporudi likizo, apewe jukumu la kukusanya, kwa idhini ya wenyewe, sauti zilizonaswa katika simu za kijiji chake, aandike ni nani alisema, wapi na lini, kisha azikabidhi idarani ziwekwe nakala mbili na kunukuliwa kwa tahajia kamili. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mali iko tayari, imo mifukoni mwa watu. Daftari ndilo halijafunguliwa.