Mama Anayelia Hajapoteza Imani

Tarehe 4 Mwezi wa Tano 2023 ilikuwa Alhamisi, siku ya soko kule Nyamukubi, katika Kalehe, Kivu ya Kusini. Mvua kubwa ilinyesha, mito ikafurika, matope na mawe yakateremka toka milimani. Nyumba za Nyamukubi na Bushushu zilibomolewa. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena.

Mama asiye hata na kaburi la kusimama kando yake afanye nini? Na sisi majirani tumwambie nini?

Mara nyingi tunaharakisha kusema: "Usilie, mama, ni mapenzi ya Mungu." Wengine wanauliza kama kulikuwa na dhambi nyumbani. Maneno hayo yanaongeza kidonda juu ya kidonda. Rafiki za Ayubu walifanya vema walipokaa naye chini siku 7 bila kusema neno. Walikosea walipoanza kueleza sababu ya msiba wake. Na Yesu, aliyejua kwamba atamfufua Lazaro, alilia pamoja na wafiwa. Paulo naye hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Aliwaomba wasihuzunike kama watu wasio na tumaini.

Tumwangalie Naomi. Alifiwa na mume na wana wawili katika nchi ya Moabu. Aliporudi Bethlehemu, aliwaambia wanawake wamwite Mara, kwa sababu ya uchungu wake. Hatusomi kwamba walimkemea. Ruthu alikataa kumwacha, kisha akaenda shambani kuokota masazo ya shayiri, akarudi jioni na chakula. Ndivyo tumaini lilivyoanza kuingia tena nyumbani mwa Naomi.

Kwenye kilio, siku za kwanza watu ni wengi. Baadaye wageni wanarudi kwao, na mama anabaki na ukimya. Hapo ndipo kazi ya kikundi chetu inaanza. Tugawane siku: mmoja alete sombe na unga, mwingine achote maji, mwingine apeleke watoto masomoni, mwingine akae naye tu. Tusiogope kutaja majina ya waliokufa. Mama anafurahi kusikia kwamba mtoto wake hajasahauliwa. Na akiwa hali, halali, au anasema anatamani kufa, asiachwe peke yake. Tumsindikize kwenye kituo cha afya.

Kristo amefufuka. Kitabu cha Ufunuo kinatuambia kwamba siku moja hata bahari itawatoa wafu walio ndani yake. Basi Ziwa Kivu na matope ya Kalehe havitawazuia wapendwa wetu milele.

Juma hili, kila kikundi kijiulize: ni mama gani aliyefiwa miezi iliyopita, ambaye hatujabisha tena mlangoni pake? Twende kwake.