Kulaani, Kushutumu, Kukemea: Visawe vya Kitenzi cha Kiingereza "Condemn" katika Mazingira ya Tunduma na Mkoa wa Songwe

Kitenzi cha Kiingereza "condemn" kinaingia katika Kiswahili cha Tanzania kwa milango mingi: taarifa za mashirika ya habari, matamko ya Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, nyaraka za forodha, mahubiri na kumbukumbu za mahakama. Mahali ambapo milango hiyo yote hukutana ni Tunduma, mji wa mpakani ambapo barabara kuu ya Tanzania na Zambia pamoja na reli ya TAZARA huvuka mpaka. Upande wa Nakonde lugha rasmi ni Kiingereza; upande wa Tunduma shughuli za umma huendeshwa kwa Kiswahili; na Kinyamwanga kinazungumzwa pande zote mbili. Tangu kituo cha huduma za pamoja mpakani kilipozinduliwa Oktoba 2019, maofisa wa nchi hizi mbili hufanya kazi pamoja, na kutafsiri kumekuwa sehemu ya kazi yao ya kila siku hata pale ambapo hakuna aliyeajiriwa kwa jina la mfasiri. Makala haya yanafafanua maana ya kitenzi hicho na kuonesha kwa nini kukosea kisawe chake katika mkoa wa Songwe si jambo dogo.

Kitenzi hiki kimetokana na Kilatini na kina maana kuu tatu. Ya kwanza ni kuonesha kutokubaliana vikali na tendo au mtu. Ya pili ni kumtia mtu hatiani na kumpangia adhabu, hasa adhabu ya kifo. Ya tatu ni kutangaza kwamba kitu hakifai tena kutumika. Maana hii ya tatu haina utata mkubwa. Shehena ya chakula kilichoharibika inapozuiwa mpakani, Kiswahili hakitafuti kitenzi kimoja. Husemwa tu kwamba bidhaa hizo hazifai kwa matumizi ya binadamu, kisha zinateketezwa. Nyumba iliyojengwa ndani ya hifadhi ya barabara nayo huwekewa alama ya X, na mwenye nyumba huelewa bila kusomewa tafsiri yoyote.

Maana ya pili huelekea kwenye kitenzi "hukumu", na hapa Biblia ya Muungano ya 1952 imeacha alama ya kudumu. Katika tafsiri hiyo kitenzi "hukumu" hubeba dhana ya kuamua na pia dhana ya kutia hatiani, dhana ambazo matini za Kiingereza mara nyingi huzitenganisha kwa vitenzi viwili. Kwa sababu hiyo, muumini anayesema "usinihukumu" hamwambii mwenzake aache kuamua jambo; anamwambia asimwone mkosaji. Muktadha hutosha kuondoa utata.

Ugumu wenyewe umo katika maana ya kwanza. Kamusi za Kiingereza na Kiswahili huweka vitenzi kadhaa bega kwa bega, vikitenganishwa na alama ya mkato tu, kana kwamba mtumiaji anaweza kuchukua chochote. Nadharia ya vitendo vya usemi, iliyoasisiwa na J. L. Austin katika kitabu chake cha 1962, inasaidia kuona kwamba kila kimoja ni tendo tofauti lenye masharti yake: nani anaweza kulitenda, mbele ya nani, na kwa matokeo gani.

Kitenzi "karipia" kinadai msikilizaji aliyepo na mamlaka ya msemaji juu yake. Mwalimu humkaripia mwanafunzi. Serikali haiwezi kukaripia mauaji, kwa kuwa mauaji hayana masikio. Kitenzi "kemea" nacho kinadai mamlaka, lakini kinakubali yambwa isiyo mtu: hukemewa rushwa, hukemewa uzembe, na katika makanisa ya kilokole hukemewa mapepo. Lengo la kukemea ni kukomesha jambo, si kutoa maoni juu yake. Kwa hiyo "mtoto alimkemea baba yake" ni sentensi sahihi kisarufi inayosimulia utovu wa adabu. Kitenzi cha Kiingereza hakina sharti hilo: raia wa kawaida anaweza "ku-condemn" kitendo cha rais bila kuvunja kanuni yoyote ya lugha.

Kitenzi "laani", chenye asili ya Kiarabu, ndicho kilichoteuliwa na vyombo vya habari. Serikali inalaani, chama kinalaani, Umoja wa Afrika unalaani, na takribani kila mara wanalaani "vikali". Kielezi hicho kimerudiwa mno hata kimepoteza ukali wake; taarifa inayosema "yalaani" bila "vikali" sasa husomeka kama ya mtu asiyejali. Hata hivyo, nje ya chumba cha habari laana bado ni tendo lenye nguvu. Mzee anayemlaani kijana hatoi msimamo. Anamwachia jambo litakalomfuata maishani. Msikilizaji wa redio huko Momba au Ileje hubeba maana zote mbili kwa wakati mmoja, na kwa kawaida huzitenganisha kwa kuangalia yambwa: kinacholaaniwa ni tendo, au ni mtu? Mfasiri anayezingatia tofauti hiyo ataandika "walilaani mauaji", lakini atasita kabla ya kuandika "walimlaani mtuhumiwa".

Kitenzi chenye hatari zaidi ni "shutumu". Katika Kiarabu asili yake ni kutukana, na maana hiyo ya kumtolea mtu maneno makali ingali hai. Katika matumizi ya sasa kimepanuka kufikia kulaumu hadharani, na zaidi ya hapo kimekaribiana kimatamshi na kimaana na "tuhumu", kiasi kwamba "shutuma" na "tuhuma" hubadilishana nafasi hata katika magazeti. Chukuliwe sentensi: "Mkutano wa kijiji ulimshutumu mzee huyo." Inaweza kumaanisha kwamba alitolewa maneno ya kumdhalilisha. Inaweza kumaanisha kwamba alilaumiwa kwa tendo lililojulikana. Inaweza pia kumaanisha kwamba alidaiwa kutenda jambo ambalo halijathibitishwa na yeyote.

Katika mkoa wa Songwe tofauti hiyo inagusa uhai wa watu. Wilaya ya Mbozi ilijulikana nchini kote kwa mauaji ya kuchuna ngozi kuelekea mwanzo wa miaka ya 2000, na viongozi wa mkoa wamelazimika mara kwa mara kukemea shughuli za waganga wanaoitwa lambalamba, ambao hupita vijijini wakidai kuwafichua wachawi. Chini ya Sheria ya Uchawi, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1928, kumtaja mtu kuwa mchawi nje ya utaratibu wa kisheria ni kosa. Ikiwa mkutano "ulimshutumu" mzee kwa maana ya kumtuhumu uchawi, waliokosa ni wanamkutano. Ikiwa "ulimshutumu" kwa maana ya kulaani tendo lake lililothibitika, huenda hakuna kosa. Kitenzi kimoja kinawaweka watu wale wale pande mbili za sheria.

Kiswahili chenyewe kinaweza kuziba pengo hili kinapotaka. Lugha ya nidhamu ya vyama na ofisi imejenga ngazi iliyo wazi: onyo, onyo kali, karipio. Februari 2020 Kamati Kuu ya CCM ilipotoa uamuzi kuhusu makada wake watatu, Bernard Membe alifukuzwa uanachama, Abdulrahman Kinana akapewa karipio, na Yusuf Makamba akasamehewa. Msomaji wa kawaida alielewa mara moja kwamba "karipio" hapo halikuwa sauti ya hasira bali adhabu yenye kanuni na muda wake. Istilahi ilipata ukali wake kutokana na nafasi yake katika ngazi, bila msaada wa kielezi chochote.

Mahakama haijafika huko. Mahakama za mwanzo zimekuwa zikitumia Kiswahili siku zote, lakini kuanzia mahakama za wilaya kumbukumbu ziliandikwa kwa Kiingereza huku mashahidi wakizungumza Kiswahili. Shahidi aliposema "walinishutumu", hakimu ndiye aliyechagua, papo hapo na kimya kimya, kati ya kutukanwa, kulaumiwa na kutuhumiwa, na mahakama ya rufaa ikasoma chaguo lake badala ya neno la shahidi. Sheria Na. 1 ya 2021, iliyorekebisha Sheria ya Tafsiri za Sheria, Sura ya 1, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Pale inapotekelezwa, neno la shahidi linabaki lilivyotamkwa, na utata wake unabaki nalo. Swali la kufuatilia, "walikwambia umefanya nini?", sasa halina budi kuulizwa kizimbani, wakati shahidi angali amesimama na anaweza kulijibu.