Vyuma vya Kale na Starehe za Wenye Nacho

Wako watu duniani ambao furaha yao kubwa ni kukifufua chombo kilichokwisha kufa. Hununua injini iliyoliwa na kutu, au ndege iliyosahauliwa ghalani tangu enzi za babu zao, wakatumia miaka mingi na fedha nyingi mpaka chombo hicho kikaunguruma tena. Wakiulizwa faida yake, hujibu kwamba faida ni ule mngurumo wenyewe. Kwao huu ni uraibu, kama wengine walivyo na bao au karata, ila gharama ya uraibu huu aghalabu ingetosha kujenga zahanati.

Sisi wa Visiwani hatuwezi kusema kwamba mambo haya hayatuhusu. Mwezi wa Novemba mwaka 2016 msafara wa ndege za kale, zikiwamo zilizoundwa katika miaka ya 1920 na 1930, uliondoka katika kisiwa cha Crete huko Ugiriki kuelekea Cape Town, safari ya kilomita 13,000 hivi. Ndege hizo zenye mabawa ya ghorofa mbili, na rubani akiwa ameketi wazi kifua kikipigwa na upepo, zilipita ubavuni mwa Kilimanjaro kisha zikatua Unguja. Walioziona walistaajabu. Yafaa basi, baada ya mshangao kupoa, tuulize jambo hili lina maana gani kwetu.

Kwanza yatupasa kujua kwamba njia waliyoifuata wageni hao haikuwa mpya. Mnamo Januari 1932 shirika la ndege la Uingereza, Imperial Airways, lilifungua safari za kutoka London hadi Cape Town, na mji wa Moshi ukawa mmojawapo wa vituo vyake, baada ya Nairobi na kabla ya Dodoma na Mbeya. Ilipofika mwaka 1937, ndege za kutua majini zilianza kutumika na njia ikahamia pwani. Hata kabla ya hapo mlima wetu ulikwisha kuwa kivutio cha matajiri wa angani. Tarehe 8 Januari 1930 rubani wa Uswisi, Walter Mittelholzer, aliruka juu ya Kilimanjaro na kukipiga picha kilele chake kutoka hewani, naye husemwa kuwa ndiye wa kwanza kufanya hivyo. Safari hiyo ya Afrika aliifanya akiwa amemchukua Baron Louis von Rothschild, tajiri aliyekuja kuwinda. Kwa hiyo starehe za wenye nacho katika anga la Uchagani zinakaribia kutimiza karne moja.

Kwa nini uraibu huu ni ghali? Sababu ni kwamba kiwanda kilichoiunda mashine kimekwisha kufungwa au kimeacha kutengeneza vipuri vyake. Skrubu moja ikivunjika, hapana duka la kuinunua. Sharti ikerezwe upya na fundi mwenye mikono ya dhahabu. Chukua mfano wa ndege ya Tiger Moth, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1931. Mabawa yake ni ya mbao yaliyovikwa kitambaa, na kitambaa hicho hupakwa dawa ya kukikaza, kikishachakaa huvuliwa chote na kuvikwa kingine. Injini yake hunywa petroli maalumu ya ndege, ilhali ndege kubwa za leo zinazotua katika Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro hutumia mafuta ya jamii ya taa. Petroli ile ni adimu katika Afrika, na kuipata ni kazi na ni gharama. Na juu ya gharama zote hizo, Tiger Moth haiwezi kupanda zaidi ya mita 4,200 hivi, ambapo Kibo ina mita 5,895. Mwenye nacho huyo na fedha zake zote atauzunguka mlima, kuuruka hawezi.

Mbele ya mambo haya wako wanaosema kwamba ni israfu tupu, na kwamba nchi yenye watoto wasio na madawati haina haja ya kuwafungulia milango watu wa namna hii. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuidharau. Lakini fedha hizo si zetu, wala hatukuombwa kuzitoa. Lililo juu yetu ni kuangalia zinapopita nchini mwetu zinaacha nini.

Tazama upandaji mlima wenyewe. Hans Meyer alipofika kileleni mwaka 1889, Wachagga wengi hawakuona maana ya mtu kutoka Ujerumani ili akanyage barafu. Lakini hadhi ya mlima ilipowekewa utaratibu, Hifadhi ya Taifa ikaanzishwa mwaka 1973, na kanuni zikamlazimu mgeni alipe ada na afuatane na kiongozi, matamanio ya wageni yakageuka kuwa riziki ya maelfu ya kaya za Marangu, Machame na Rombo. Waongozaji, wapishi na wapagazi, ambao vijana wenyewe huwaita wagumu, husomesha watoto kwa uraibu wa watu wengine. Starehe haikubadilika, kilichobadilika ni kwamba mwenyeji aliiwekea masharti.

Kadhalika katika anga. Msafara ule wa mwaka 2016 ulizuiliwa siku kadhaa huko Gambela, Ethiopia, wakuu wa nchi hiyo wakisema kwamba umeingia bila kibali. Wako waliowacheka Wahabeshi. Sisi twaona kwamba nchi huru inayo haki ya kuuliza anayepita angani mwake, ila jibu la haraka na lililoandikwa ni bora kuliko kuwaweka watu uwanjani. Wala suala la usalama si dogo. Mwezi Mei 1955 ndege ya East African Airways iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi iligonga Kilimanjaro, na watu wote 20 waliokuwamo wakafa. Novemba 2008 ndege ndogo ilianguka karibu na Mawenzi na kuwaua watalii wanne kutoka Italia. Mlima huo haujali kama ndege ni mpya au ni ya kale.

Sasa tuuguse upande unaotuuma zaidi. Wakati wageni wanatumia mali zao kukifufua chuma cha kale, sisi cha kwetu twakiuza kwa kilo. Reli ya kutoka Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893 na ikafika Moshi mwaka 1911. Ilijengwa kwa jasho la wazee wetu, wengi wao wakishurutishwa. Katika miaka ya kusimama kwa treni, majani yaliota juu ya mataruma, na treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirejea Moshi Desemba 2019, baada ya zaidi ya miaka 20. Je, tumeweka nini cha kumwonyesha mtoto jinsi garimoshi la mvuke lilivyokwenda? Atakayetaka kuliona na aende Nairobi, katika jumba la makumbusho ya reli lililofunguliwa mwaka 1971. Huko imehifadhiwa injini kubwa ya mvuke yenye uzito wa tani 250 hivi, iliyoundwa Manchester katikati ya miaka ya 1950, nayo yaitwa Mount Shengena. Shengena ni kilele cha milima ya Upare, mkoani Kilimanjaro. Jina ni letu, na sifa ya kulitunza ni ya jirani.

Wala tusidhani kwamba sisi Visiwani tu bora zaidi. Unguja ilikuwa na reli ya Bububu tangu mwaka 1905 hadi mwaka 1928. Leo imebaki hadithi.

Ugumu mmoja umo katika sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayotumika Bara huhesabu kuwa ya kale vile vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Kwa kipimo hicho, injini iliyofika Moshi na reli mwaka 1911, au mashine ya kumenyea kahawa iliyotumika chama cha ushirika cha KNCU kilipoanza mwaka 1933, ni chuma chakavu tu mpaka Waziri atakapotamka vinginevyo. Mnunuzi wa vyuma chakavu hangoji tamko la Waziri.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. La kwanza, iandikwe orodha ya mashine za kale zilizosalia katika stesheni, karakana, mashamba ya mkonge na vyama vya ushirika, Bara na Visiwani, maana mali bila daftari huisha bila habari. La pili, wageni wenye ndege au magari ya kale wawekewe utaratibu mmoja wa vibali na ada, unaojulikana kabla hawajaondoka kwao. La tatu, na ndilo kubwa, kila msafara wa namna hii utakiwe kukaa japo siku mbili na vijana wa VETA Moshi, au wa Taasisi ya Karume hapa Unguja, wakiifungua injini mbele yao na kuwaeleza.

Hilo la mwisho si ndoto. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha meli yao katika Ziwa Tanganyika. Mwaka 1924 ikaibuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikawahudumia watu wa Kigoma kwa miongo mingi. Haikufufuliwa kwa uraibu bali kwa haja. Na Uchagani wahunzi wa Mamba walikuwa wakifua chuma kabla Mzungu hajaiona theluji ya Kibo. Ujuzi wa kukirudishia uhai chombo kilichokufa ndio huo huo unaohitajika kutengeneza pampu ya maji ya kijiji, trekta la ushirika na boti ya mvuvi wa Pemba. Tajiri anaununua kwa ajili ya furaha. Sisi tunauhitaji ili tuishi.

Ndugu zetu maofisa wa bandari, reli, viwanja vya ndege na mambo ya kale wana kalamu mikononi. Kabla hawajatia saini ya kuuza chuma kingine cha kale kwa kilo, tunawaomba wamwite kwanza fundi mzee aliyewahi kukiendesha, wamketishe na vijana watatu, wamwache aseme. Fundi huyo akifa, hakuna tajiri wa nchi yoyote atakayeweza kumfufua.